Kuondoa wadudu wa matumbawe kwenye tangi la nyumbani, hatua kwa hatua

Wanaoanza kufuga matumbawe huuliza maswali yale yale. Hiki kidudu ni nini? Kinamalizwa na dawa gani? Mbona nilikiogesha kipande wiki mbili zilizopita na wadudu wamerudi? Swali hilo la tatu ndilo lililobeba mengine yote. Dawa karibu zote tunazotumia kwa matumbawe huua mdudu, haziui mayai yake. Mdudu anakufa leo, mayai aliyoyagandisha chini ya kipande yanabaki salama, wiki mbili tatu baadaye yanaanguliwa, na kazi inaanza upya. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo.

Mwongozo huu ni wa tangi la maji chumvi lenye matumbawe hai, uwe Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au Toronto. Kutumbukiza kipande kwenye maji ya dawa kwa dakika chache nitakuita josho. Sitaeleza mengi ya kitaalamu. Nitaeleza cha kufanya.

Hakikisha kwanza kwamba ni adui

Kabla hujanunua dawa yoyote, mjue unayepigana naye. Zima taa za tangi, subiri kama saa mbili, kisha mulika kwa tochi uliyoifunika karatasi nyekundu ya nailoni. Wengi wa wanyama hawa hutoka usiku, na mwanga mwekundu hauwashtui sana.

Mnyoo bapa wa akropora, yaani matumbawe magumu ya matawi (jina lake la kitaalamu ni Prosthiostomum acroporae), ndiye mgumu kuliko wote kumwona, kwa kuwa yu karibu uwazi mtupu na huchukua rangi ya tumbawe analolila. Usihangaike kumtafuta yeye. Tafuta alama zake. Akishakula huacha viduara vyeupe vya kama milimita moja, na mara nyingi huanzia chini ya tawi, upande wa kivuli. Polipu, yaani vinywa vidogo vya tumbawe vyenye minyiri, hazichanui vizuri na rangi ya tawi inafifia bila sababu. Mayai utayakuta kwenye mfupa mtupu karibu na kitako: punje za rangi ya kaharabu zilizobanana kundi moja. Ukizikuta hizo, huna haja ya ushahidi mwingine.

Konokono uchi wa montipora (aina nyingine ya tumbawe gumu), asiye na gamba, ni mweupe, wa milimita chache tu, na mgongoni ana vijinyama vilivyosimama. Hukaa upande wa chini wa tumbawe, pale pale kwenye mpaka wa nyama hai na mfupa uliokwisha kuliwa. Mwenzake wa zoa, jamaa wa matumbawe wanaokua kama mkeka wa maua madogo, ni mjanja zaidi, maana huvaa rangi za zoa anayemla, hata vijinyama vyake vya mgongoni hufanana na minyiri ya zoa. Zoa zikifunga siku kadhaa mfululizo, geuza kipande uangalie mashina. Mayai yake ni utepe mweupe uliojizungusha. Hapo hapo kwenye zoa unaweza kumkuta konokono mwenye gamba la duara lenye madoa ya kahawia na meupe yaliyopangwa mistari, wa jenasi ya Heliacus. Huyo hahitaji dawa, mtoe kwa kibano.

Wadudu wekundu wa akropora (Tegastes acroporanus) wana urefu wa nusu milimita tu. Bila lenzi utaona kama vumbi la njano juu ya tawi. Kwa lenzi utaona kila punje ina doa jekundu na inatembea.

Aiptasia ni anemoni wa kahawia anayepitisha mwanga, mwenye shina refu na minyiri myembamba. Ukimgusa hujirudisha shimoni mara moja. Halili tumbawe, bali hulichoma na kulinyang'anya nafasi. Minyoo bapa wekundu (Convolutriloba retrogemma) nao hawali tumbawe: wana rangi ya kutu, milimita chache, mkiani wana ncha tatu, na huongezeka hadi kulifunika tumbawe likose mwanga.

Sasa wasio na hatia. Mnyoo mwenye manyoya ubavuni ndiye anayeuawa bure kuliko wote. Mtu anamkuta usiku juu ya tumbawe lililokufa, anadhani amemfumania muuaji, kumbe amekuja kula mzoga. Mwache, anasafisha tangi. Ila usimshike kwa mkono mtupu, manyoya yake hukatikia kwenye ngozi na kukuwasha kama upupu. Vijidudu vyeupe vinavyorukaruka kwenye kioo ni kopepodi na amfipodi, chakula cha samaki wako. Viti vya pweza vidogo vya jenasi ya Asterina kwa kawaida hula mwani. Ukiwakuta mara kwa mara juu ya zoa zinazochakaa, punguza kwa mkono.

Vitu vya kuandaa

- Tangi la karantini, lita 40 hivi linatosha, lenye hita, pampu ndogo ya kuzungusha maji na taa inayofaa matumbawe. Usiweke mawe wala mchanga. Ukilipunguza kwenye orodha kwa kubana matumizi, utakuja kulipa kwa matumbawe.
- Bakuli tatu nyeupe za plastiki, mpya, zisizowahi kuguswa na sabuni. Weupe una kazi yake: mdudu akianguka utamwona.
- Dawa ya josho iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, kama vile Coral RX au Revive.
- Bomba la plastiki lenye mpira wa kubinya, la kupulizia maji.
- Mswaki laini, kisu kidogo chenye ncha, kibano, na koleo la kukatia matumbawe.
- Supaglu ya jeli na vijiwe vipya vya kushikia vipande.
- Lenzi inayokuza mara kumi, na tochi.
- Glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.
- Kipimajoto na refraktometa ya kupimia chumvi.
- Mkaa wa kuchujia maji.
- Maji ya chumvi yaliyochanganywa jana yake, ya kutosha kubadilisha robo ya tangi. Tumia maji yaliyochujwa kwa RO (chujio linaloondoa karibu kila kilichoyeyuka majini), si ya bomba moja kwa moja.

Utasikia wengine wakisifu dawa ya bustani yenye imidaklopridi. Inaua kweli, lakini haikutengenezwa kwa kazi hii, chupa haina kipimo cha matumbawe, na mabaki kidogo tu yakiingia tangini kamba na kaa wako wako hatarini. Umoja wa Ulaya uliizuia kutumika kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Iodini nayo ni nzuri kwa kidonda cha mahali ulipokata, lakini usiitegemee kuua minyoo bapa. Anayeanza na abaki na dawa ya matumbawe.

Hatua za kazi

1. Kipande kipya kisiguse tangi kuu, hata kwa dakika moja. Hata kama muuzaji ni rafiki yako na tangi lake linang'aa. Mfuko uelee kwenye ndoo yenye maji ya joto la tangi kwa dakika 15 hadi 20, kisha maji ya mfuko yamwage nje.

2. Panga bakuli. Ya kwanza: maji ya tangi na dawa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ya pili na ya tatu: maji ya tangi matupu, ya kusuuzia. Yote yawe nyuzi 25 hadi 26 na chumvi gramu 35 kwa kilo, yaani 1.026 kwenye refraktometa. Usizidishe dawa kwa kudhani itaua mayai. Haitayaua, na tumbawe litaungua.

3. Kata kipande kutoka kwenye kijiwe chake cha zamani, na kijiwe kitupe. Hatua hii ndiyo watu huiruka, kwa sababu kipande kinaonekana kizuri kilivyo na kijiwe kina mwani mwekundu wa kupendeza. Lakini kijiwe ndicho nyumba ya kila kitu usichokitaka: mayai ya minyoo bapa, aiptasia mdogo kuliko kichwa cha pini, kaa aliyejificha tunduni, mirija ya konokono. Kwa akropora na montipora kata kwa koleo juu kidogo ya mahali nyama inapoanza, ili uache nyuma mfupa mtupu wote. Kwa zoa, ingiza ncha ya kisu chini ya mkeka na uubandue taratibu. Hapo vaa glavu na miwani bila kujadiliana na nafsi yako. Sababu iko huko chini, kwenye makosa.

4. Tumbukiza kipande kwenye bakuli la dawa kwa dakika 10 hadi 15, au muda uliotajwa na chupa. Kaa hapo hapo. Kila dakika binya bomba na upulizie maji kwa mshazari, ukianzia kitakoni kwenda ncha, ukipita katikati ya matawi. Mnyoo bapa haachii kirahisi: kwanza ukingo wake unainuka na kupepea, halafu anajikunja, halafu upulizaji mmoja wa nguvu unamwangusha. Ukiacha kupulizia atakufia pale pale akiwa amegandamana, na wewe utadhani kipande kilikuwa safi.

5. Suuza kwenye bakuli la pili, kisha la tatu, ukiendelea kupulizia. Kisha chungulia chini ya bakuli zote kwa tochi na lenzi. Ulichokiona kiandike: aina, idadi, tarehe. Bila kumbukumbu hiyo hutajua kama majosho yanayofuata yanapunguza au la.

6. Tafuta mayai. Shika kipande kwenye mwanga mkali, kigeuze pande zote, na upitie kila sehemu ya mfupa mtupu kwa lenzi. Ukiyaona, yakwangue kwa ncha ya kisu, kisha piga mswaki mahali hapo ndani ya bakuli la kusuuzia. Yakiwa kwenye pembe isiyofikika, kata sehemu hiyo. Ukishindwa kukata, yafunike yote kwa supaglu. Kipande kidogo kilicho safi ni bora kuliko kikubwa chenye kundi moja la mayai.

7. Gandisha kwenye kijiwe kipya, na gundi ipande hadi iguse nyama hai pande zote. Mfupa mtupu usibaki. Mnyoo bapa hutaga kwenye mfupa mtupu, kwa hiyo gundi hii inafanya kazi mbili: inazika yai ulilolikosa, na inamnyima aliyesalia mahali pa kutaga.

8. Weka karantini, na urudie josho kila baada ya siku 5 hadi 7. Hapa ndipo unaposhinda vita au kushindwa. Lengo ni kuwakuta waliotoka kwenye mayai kabla hawajakomaa na kutaga wao. Muda wa kuanguliwa hutegemea joto: maji yakiwa ya moto zaidi, mayai huanguliwa mapema na watoto hukua haraka. Kama chumba chako hakina kiyoyozi na maji hufika nyuzi 29 wakati wa kaskazi, usiache wiki nzima ipite. Shika siku tano. Endelea kwa wiki sita angalau. Josho likianza kutoka tupu, usishangilie: yapitishe matatu mfululizo yaliyo tupu, ndipo uhesabu kipande kimepona.

9. Kama wadudu wamo tayari ndani ya tangi kuu, kila tumbawe la aina inayoliwa litoke. Si lile lililougua tu. Mnyoo bapa wa akropora huishi kwa akropora, na konokono uchi wa montipora huishi kwa montipora. Wakikosa chakula hufa njaa. Tangi kuu likae wiki nane bila aina hiyo, huku vipande vyako vikipigwa majosho karantini. Angalia sana mabaki ya nyama yaliyoenea juu ya jiwe pale tumbawe lilipokuwa limegandishwa. Eneo la ukucha wa kidole linatosha kuwalisha hadi siku utakayorudisha vipande. Likwangue, au lifunike lote kwa gundi ya epoksi.

10. Maji ya josho yasirudi tangini, yasimwagwe kwenye mtaro wala baharini. Fuata maelekezo ya chupa, na vyombo vya josho visitumike kwa kazi nyingine.

Aiptasia

Aiptasia haondoki kwa josho, na ana kanuni moja: usimkate, usimkwangue, usimvute kwa kibano. Kipande kidogo cha kitako chake kikibaki kwenye jiwe huota kikawa anemoni mzima. Uhodari huo wa kuzaana ndio uliowafanya watafiti wamfuge maabara ili kuchunguza jinsi mnyama na mwani wanavyoishi pamoja ndani ya matumbawe. Kwako wewe, maana yake ni kwamba ukimtesa mmoja utapata kumi.

Wakiwa wachache, tumia chokaa safi ya tangi, yaani kalsiamu hidroksidi. Changanya na maji kidogo ya RO mpaka iwe nzito kiasi cha kupita kwenye sirinji kwa taabu. Vaa glavu na miwani, inachoma macho. Zima pampu zote. Sogeza ncha ya sirinji polepole juu ya mdomo wake bila kumgusa minyiri. Ukimgusa atajificha na itabidi usubiri. Mfunike wote, pamoja na tundu lake. Subiri nusu saa ndipo uwashe pampu. Usizidi watano au sita kwa siku kwenye tangi dogo, kwa sababu chokaa hupandisha pH.

Wakiwa wengi, tafuta mlaji. Kamba wa jenasi ya Lysmata, yule wa kupitisha mwanga mwenye mistari myekundu ya urefu, huwala hasa wakiwa wadogo. Konokono uchi Berghia stephanieae hali kitu kingine isipokuwa aiptasia, na ndiye ninayempendekeza kuliko wote. Ila akimaliza chakula hufa, na tangi lenye samaki wanaodonoa vidudu mawe yote halimfai. Kipepeo mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus, huwala pia, lakini ni samaki mgumu kumlisha na wengi hufia mikononi mwa wanaoanza. Usimnunue kama dawa.

Minyoo bapa wekundu

Hatari ya hawa iko kwenye kufa kwao. Miili yao ina sumu, na ukiwaua maelfu kwa siku moja sumu hiyo hubaki ndani ya maji na kuua samaki. Kwa hiyo wafyonze kwanza. Tumia mpira mwembamba wa kufyonzea maji, upitishe kwenye soksi ya kuchujia, ufanye hivyo kila siku kwa wiki nzima. Wanapenda sehemu zenye mwanga na maji yaliyotulia, utawakuta makundi makundi.

Wakishabaki wachache ndipo utie dawa ya minyoo bapa, kama Flatworm Exit, kwa kipimo chake. Mkaa mpya na maji ya kubadilisha viwe tayari kabla ya tone la kwanza. Wanaanza kuelea baada ya dakika chache. Fyonza wanaoelea bila kupumzika. Dakika 45 zikipita, au samaki wakianza kuhema haraka, washa chujio la mkaa na badilisha robo ya maji. Rudia baada ya wiki. Kisha ongeza mwendo wa maji sehemu zile walizopenda.

Wadudu wekundu na konokono wa mirija

Wadudu wekundu huuawa na milbemaisini, dawa ya minyoo ya mbwa inayotolewa kwa cheti. Muone daktari wa mifugo akupe kipimo, na uitumie karantini tu, kwani inaua kamba na kaa wote. Konokono wa mirija, yule anayetoa utando wa ute unaonata kwenye matumbawe, vunja mrija wake kwa koleo na uzibe tundu kwa supaglu. Punguza chakula cha unga, maana hicho ndicho kinachomlisha.

Makosa ninayoyaona sana

Kosa la kwanza linaweza kuua mtu. Usichemshe jiwe lenye zoa au jamaa zao Palythoa, usilimwagie maji ya moto, usilisugue likiwa kavu, usilitie kwenye maikrowevu. Baadhi yao wana palitoksini, moja ya sumu kali zaidi zinazojulikana za viumbe wa baharini, na mvuke wake ukivutwa hushambulia mapafu. Uingereza na Marekani familia nzima zimewahi kulazwa hospitali kwa sababu ya mtu aliyekuwa akisafisha mawe ya tangi. Watoto na mbwa wasiwe chumbani wakati wa kukata zoa. Ukipata kikohozi, homa, ladha ya chuma mdomoni au jicho linalowaka baada ya kazi hiyo, nenda hospitali na uwaambie ulichokishika, kwa sababu hawatakibahatisha.

La pili ni kununua mlaji kwa kumfananisha. Kamba Rhynchocinetes durbanensis huuzwa mara nyingi akidhaniwa ni Lysmata. Yeye ana macho makubwa, mgongo uliopinda, na mabaka meupe katikati ya mistari myekundu, na hula zoa zako badala ya aiptasia. Mwangalie mgongoni kabla hujatoa pesa.

La tatu linawahusu hasa walio pwani. Jiwe la baharini linavutia, liko karibu, na halina bei. Lakini jiwe lililotoka mwambani leo lina kila mgeni niliyemtaja hapa na wengine zaidi, na kwenye hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, au ya Mafia, ni kosa la jinai kulichukua. Matumbawe yenye mfupa yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hata kipande kidogo kinachovuka mpaka kinahitaji kibali. Nunua kilichozalishwa kwenye matangi, chenye karatasi.

Na usirudishe chochote baharini. Hata kwa huruma. Tumbawe laini Unomia stolonifera, ambalo asili yake ni bahari zetu za Hindi na Pasifiki, limeenea kwenye hifadhi ya Mochima nchini Venezuela na kufunika matumbawe ya pale. Inaaminika lilitoka kwenye biashara ya matangi. Mwamba wa Mombasa au wa Unguja haustahili kulipia kosa la tangi la sebuleni. Usichokitaka kikaushe juani siku kadhaa, kikiwa mbali na watu kama kina zoa, kisha kitupe kwenye takataka.

Mambo yakikwama

*Tumbawe limetoa ute mwingi na kufunga baada ya josho.* Ni kawaida kwa siku moja au mbili. Liache kwenye mwanga wa kiasi na mwendo mzuri wa maji, usilisogeze sogeze. Kama nyama inabanduka kuanzia kitakoni na kupanda, usisubiri: kata ncha iliyo hai sentimita moja juu ya mpaka, uigandishe kivyake.

*Majosho yanatoka tupu, lakini tawi bado linapauka.* Basi si wadudu. Pima ualkali siku tatu mfululizo. Ukibadilika badilika kati ya 7 na 10 dKH, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Angalia pia kama fosfeti na naitreti zimefika sifuri, na kama taa mpya imewekwa karibu mno. Acha majosho, kila josho ni mzigo kwa tumbawe.

*Wadudu hurudi kila baada ya wiki tatu.* Kuna mayai usiyoyaona, au kuna tumbawe moja halikutoka tangini. Rudi kwenye hatua ya 3 na ya 9. Mara nyingi ni kile kitako cha zamani kilichobaki juu ya jiwe, nyuma, upande usioonekana kutoka mbele.

*Kamba hawali aiptasia.* Wameshiba. Punguza chakula cha samaki jioni, na kama aiptasia ni wakubwa, anza na chokaa kwa hao kisha waachie kamba wadogo.

*Kamba wamekufa baada ya dawa.* Badilisha robo ya maji sasa hivi, weka mkaa mpya, toa mizoga yote kabla haijaharibu maji, na upime amonia asubuhi na jioni kwa siku tatu. Usiongeze kamba wengine hadi mwezi upite na mkaa umebadilishwa mara mbili.

*Umeme umekatika katikati ya josho.* Toa kipande kwenye dawa muda wake ukifika, suuza kama kawaida, na kirudishe karantini. Tumbawe linaweza kuvumilia giza muda mrefu. Haliwezi kuvumilia maji yaliyosimama bila hewa. Pampu ya hewa ya betri, ile ya wavuvi, inagharimu kidogo kuliko kipande kimoja cha akropora. Ikiwa huna, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu kila baada ya robo saa mpaka umeme urudi.